Siku Mama Alipolikana Shamba Lake

Mama yangu hakupenda kuomba, ila kujifanya hana kitu alikuweza vizuri mno. Usimcheke. Hapa Goma tulikuwa tumewazoea watu wa kuandika majina: baada ya volkano walikuja, baada ya kila vita walikuja, na aliyeonekana ana chochote alifutwa kwenye listi ya msaada. Kwa hiyo pale mtaani kwetu Mabanga, ikisikika tu kwamba kuna mtu mwenye daftari, sufuria nzima ziliingia chini ya kitanda na kitenge kizuri kikavuliwa. Hata mimi, karani mzima wa ofisi, nilijua kuvaa sura ya njaa.

Lakini mama alikuwa na shamba. Alitoka milima ya baridi upande wa Butembo, ambako watu wa kwetu wanalima ngano, na juu ya Munigi alikuwa amekodi kipande cha udongo mweusi wenye mawe. Majirani wa huko walipanda maharage na viazi, wakamtania kwa kumwita mama mukate. Hakujali. Msimu ule mvua ya mawe ilikuwa imeilaza ngano yake yote, hakubaki na mbegu hata kiganja, na mwenye ardhi alisema wazi kwamba mvua zikirudi shamba likiwa tupu, atampa mtu mwingine.

Asubuhi moja akaja bwana kilimo wa serikali, mtu mpole mwenye viatu vya matope. Mama alipoliona daftari tu, akajifunga kitenge kilichochanika na kutoka.

“Mama, muko na shamba ya ngano?”

“Shamba gani, papa? Miye siko na kitu.”

“Ata kipande kidogo? Ni subvention ya Leta, ya balimi ba ngano.”

“Ata kipande. Tunalala njaa tu.”

Neno lile, subvention, mama hakulijua. Mimi nililijua. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaelewa palepale kwamba huyu si mtu wa msaada: Leta, yaani serikali, ilitaka kuwapa wakulima wa ngano pesa za mbegu na mbolea, na mwenye shamba ndiye aliyetafutwa. Lakini kusema kungekuwa kumwita mama mwongo mbele ya mgeni. Nikaangalia miguu yangu. Bwana akaandika, mama akatia kidole, basi. Nilijiambia nitamweleza jioni. Jioni nikasema kesho.

Alikuja kujua wakati wamama wengine wa ngano walipolipwa. Tulikwenda naye ofisini mbio. Bwana kilimo alifungua ukurasa, akatuonyesha alama ya kidole cha mama mbele ya maneno “hana shamba”.

“Nilikuuliza mara mbili, mama,” alisema, bila ubaya wowote. Listi ilikuwa imefungwa.

Mvua zilirudi, na shamba likapewa mtu wa maharage. Siku hiyo ndipo nilipomwambia mama kwamba lile neno nilikuwa nimelielewa tangu mwanzo, na kwamba niliogopa kumwaibisha. Nilingoja kama mtoto anayengoja fimbo.

“Ungenipatisha tu haya, mutoto wangu,” mama alisema. “Haya ingepita.”