Damu ya Mama Mshonaji

Wakati wa vita nilikuwa fundi wa labo, mpimaji wa damu, katika kituo kimoja cha afya pale Baraka, kando ya ziwa. Miongoni mwa wagonjwa wangu alikuwapo mama mmoja mshonaji nguo. Kabla ya vita, daktari wa Bukavu alimweleza kwamba kinga ya mwili wake imegeuka, inaushambulia mwili wenyewe, ndiyo maana viungo vyake vinavimba. Akampa vidonge vya kutuliza uvimbe, vile ambavyo pia humpunguzia mtu nguvu ya kupigana na vijidudu.

Kila baada ya miezi michache alikuja nimpime. Niliisimamisha damu yake ndani ya mrija mwembamba kwa saa moja, kisha nikaangalia chembe nyekundu zimeshuka kiasi gani. Kwa mtu mwenye vijidudu hushuka haraka. Kwake zilishuka haraka sikuzote, kwa sababu ya ule ugonjwa wake, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakikusema kitu. Ilibidi nihesabu chembe nyeupe, nizitazame sura, nilinganishe na majibu yake ya zamani kwenye daftari. Nayaandika haya ili mtu asinitetee kwa kusema sikufundishwa.

Asubuhi moja habari zilifika kwamba wapiganaji wanashuka kutoka upande wa Fizi. Watu wakaanza kufunga mizigo. Daktari wa kituo alikuwa ameshaondoka. Tulibaki mimi na muuguzi mmoja mzee. Mke wangu na watoto walinisubiri ziwani, mtumbwi wa kwenda Ubwari, ng’ambo ya maji, ukiwa tayari.

Mama mshonaji akaingia akiegemea bega la binti yake. Alikuwa na homa.

“Hii haiko ile ya siku zote,” aliniambia. “Iko goti moja tu, na inawaka moto.”

Nilimtoa damu. Saa moja sikuingoja. Niliusoma mrija mapema, chembe zikiwa zimeshashuka sana. Nikaweka tone chini ya darubini kutafuta malaria, sikuiona. Nilichokiona ni chembe nyeupe nyingi, na kati yake zile changa ambazo mwili huzitoa kabla ya wakati unapozidiwa na vijidudu. Niliziona vizuri kabisa. Lakini kuzihesabu kungenichelewesha, na daftari nilikuwa nimeshalifunga ndani ya mfuko.

“Mama, iko maladi yako tu, ile ugonjwa ya viungo,” nikamwambia. “Damu yako iko vile iko siku zote.”

Muuguzi aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akamwongezea vile vidonge, wala hakumpa dawa ya vijidudu. Mimi nikashuka ziwani mbiombio.

Tuliporudi baada ya siku tisa, nilimkuta mama amelazwa, haelewi aongealo. Binti yake alikuwa amemrudisha juu ya baiskeli kutoka porini walikokimbilia. Goti lilijaa usaha. Muuguzi alilipasua, akamchoma penisilini aliyokuwa ameifukia nyuma ya wodi ili isiporwe. Mama alipona, lakini mguu ulikauka ukabaki umenyooka. Hakuweza tena kukanyaga cherehani. Binti alishona, yeye akawa anakata vitambaa akiwa amekaa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alinisifu. Aliwaambia majirani kwamba nilibaki kumpima wakati wengine wanakimbia. Nilizipokea sifa hizo kwa zaidi ya mwaka mzima. Kisha siku moja, nikiwa nimehesabu chembe zake mara mbili, nilishindwa kuendelea.

“Mama, siku ile niliona,” nikasema. “Niliona damu yako iko mubaya, na mi sikuhesabu. Nilikuwa na haraka ya kukimbia.”

Aliibana pamba mkononi.

“Batoto yako balifika?” akauliza.

Nikamjibu kwamba watoto walifika salama.

“Basi,” akasema, akaniomba nimsaidie kusimama.

Aliendelea kuja kupimwa, akinyoosha mkono bila mazungumzo. Ile sifa hakuirudia tena. Kama alinisamehe, hakuniambia, nami sikuthubutu kuuliza.

Muuguzi sikumwambia kamwe. Mara nyingi alilirudia jambo lile, akisema kama asingemwongezea vidonge, mama yule angeweza kutembea vizuri. Nilimsikiliza, nikaendelea na darubini yangu. Alifariki akiamini kosa lilikuwa lake.