Tulipiga magoti Louisville, sasa magoti yale yanamfunga mwanangu

Jumatano, tarehe 12 Novemba. Whitehall, pembeni ya Columbus, Ohio. Asubuhi ya ukungu na baridi. Nilipotoka zamu sikuona hata mlango wetu. Ndivyo ninavyoanza kila ukurasa wa daftari langu tangu nikiwa sekondari, na kwenu naanza hivyohivyo. Msimamizi wa kundi hili, nifichie jina. Majina ya watoto nimeyabadilisha.

Nina miaka arobaini na tatu, Mkongomani wa milima ya Kivu Kusini, mama wa watoto wanne. Nahudumia wazee. Mwanangu wa kwanza, Jonasi, ana miaka ishirini, na tangu Agosti yuko jela akisubiri kesi ya kuua bila kukusudia.

Hakumpiga mtu. Alifanya kazi ghalani na rafiki yake Fidele, aliyepanga chumba hapa Columbus. Wazazi wa Fidele wako Louisville, jimbo jirani la Kentucky. Migongo iliwauma kwa kubeba maboksi. Jonasi akanunua vidonge vya maumivu kwa mtu wa pale kazini, akampa Fidele kimoja. Kilikuwa cha bandia, kimetiwa fentanili, dawa kali inayosimamisha pumzi. Fidele hakuamka. Sheria ya hapa haijali kama uliuza au ulimpa rafiki bure: mtu akifa, unashtakiwa kwa kifo chake.

Siku ya pili Jonasi alinifuata jikoni. "Mama, ni mimi nilimpa. Nilijua hakikutoka famasi." Nikayaandika maneno yake, kama ninavyoandika kila kitu.

Kwetu, mtoto wako akihusika na kifo, hungoji kuulizwa. Familia inaenda kilioni, inapiga magoti na kubeba kosa lote. Kujitetea mbele ya wafiwa ni tusi. Shemeji yangu mkubwa akaja kutoka Buffalo awe msemaji wetu. Njiani alijaribu kutuchekesha: "Magoti yangu yameganda kwa theluji ya miaka saba. Nikishapiga, mtaniinua kwa jeki." Mume wangu peke yake ndiye aliyecheka.

Kule Louisville shemeji akasema, "Bon, wazee, hatukuja na visingizio. Mtoto wetu ameua mtoto wenu. Sisi wote tumeua."

Mama Fidele akanigeukia. "Na wewe uliyemzaa, unasemaje?"

Nikamwambia, "Dada, Jonasi ameniambia kwa kinywa chake. Alijua hakikutoka famasi, na akampa."

Kisha akaninyanyua, akanipa maji, naye akanywa kwenye glasi ileile. Msichana wa familia yao alikuwa anarekodi kwa simu, ili ndugu walioko kambi ya wakimbizi waone kwamba tumepatana. Video ikasambaa. Wiki mbili baadaye polisi wakaja kumchukua Jonasi, na video wanayo.

Wakili wetu ni mama mpole, tunazungumza naye kupitia mkalimani. Alipoitazama alishika kichwa. "Nani aliwaambia mwende?"

Mume wangu akamjibu, "Kilioni mtu haambiwi aende."

Wakili akasema maneno ya shemeji yanaweza kuelezwa kuwa ni desturi. "Lakini yako, mama? Yalikuwa desturi pia, au mtoto alikuambia kweli? Usinijibu leo. Ukiniambia ni kweli, siwezi kukuacha useme kinyume mahakamani." Anataka jibu Ijumaa.

Mume wangu hana swali. "Sema desturi. Donc, Mama Jonasi, neno moja tu, mtoto atoke! Na hilo daftari lako, litatumaliza." Shemeji naye akapiga simu: "Shemeji, hata mimi nilisema nimeua, na tangu nifike Amerika sijaua hata kuku. Tofauti yangu na yako ni nini?"

Tofauti naijua. Yeye alibeba kosa kwa ajili yetu sote. Mimi nilisema nilichosikia.

Halafu jana Mama Fidele alinipigia. Maneno yameshamfikia kupitia watu wa kanisa. "Dada, nasikia mtaapa kwamba yale yalikuwa desturi tu. Mimi sitaki Jonasi aozee jela, na jaji akinipa nafasi nitamwambia. Lakini nilikusamehe wewe, sikusamehe desturi. Ukiapa hivyo, nitakuwa nimemsamehe nani?"

Nilisikia anapenga kamasi, kisha simu ikakatika.

Jonasi siwezi kumuuliza. Simu za jela zinarekodiwa, na wakili ametukataza kugusa kesi, kwa hiyo tunaongea chakula. Jumapili aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama bado napika sombe, kisamvu chetu. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi vizuri," na muda ukaisha.

Nikisema desturi, huenda mwanangu akarudi nyumbani, na mama aliyezika wa kwake ajue nilimdanganya nikiwa nimepiga magoti mbele yake. Nikisema kweli, nitakuwa nimemfungia Jonasi mlango kwa mkono wangu, na baba yake ameshaniambia hataishi na mimi nyumba moja.

Ninyi mliozika watoto, na ninyi mnaowatembelea watoto wenu jela, nawaomba ninyi kwanza mnijibu: keshokutwa wakili akiniuliza, nimwambie nini?