Nilihesabu matundu ya swichi, mjomba akaitwa mwizi

Admin, tafadhali usiweke jina langu. Ndugu zangu wengi wanaufuata ukurasa huu, na hakuna hata mmoja anayejua haya.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, naishi Kampala, na kazi yangu ni kufunga kamera za ulinzi. Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo. Aliyenilea ni mjomba, mwanajeshi mstaafu, mtaa wa Bwaise hapahapa Kampala. Mvua ikijaza maji uani, alinibeba mgongoni mpaka barabarani ili viatu vyangu vya shule visilowe. Ndiye aliyekubali nisomee umeme wakati ukoo mzima ulisema hiyo si kazi ya msichana.

Baada ya jeshi mjomba alipata kazi ya uaskari getini, kwenye ghala moja la mashine za boti huko Namuwongo. Tajiri wake alipotaka kamera, mjomba akamwambia, "Binti yangu anafanya kazi hiyo, tena vizuri." Nikapewa. Zilikuwa kamera nane: saba za kawaida, na moja kubwa ya getini, ile inayojizungusha kumfuata mtu. Zote zilitegemea swichi moja, kisanduku kinachopeleka umeme na kuleta picha kwa waya uleule wa mtandao. Tulikifunga kwenye kibanda cha mjomba.

Siku ya kununua swichi, mwuza duka aliniuliza, "Dada, umepiga hesabu ya wati, au umehesabu matundu tu?" Nikamwambia nimepiga. Nilidanganya. Swichi ilikuwa na matundu manane, kamera nane, nikaona yametosha. Yenye nguvu zaidi ingefika baada ya wiki moja, nami niliogopa tajiri angempa kazi fundi mwingine. Nikafunga, nikajaribu mchana, picha zote safi. Mjomba alisimama pembeni anatabasamu kama bwana harusi.

Nilisahau jambo ambalo fundi yeyote anafundishwa. Giza likiingia, kila kamera huwasha taa zake za kuonea gizani na kula umeme zaidi. Swichi ikizidiwa, hukata tundu la mwisho. Kwenye tundu la mwisho nilichomeka kamera ya geti.

Miezi mitatu baadaye, saa ya magharibi, mjomba akiwa anaswali kibandani, watu ambao hawajajulikana hadi leo walifungua geti kwa ufunguo wao wakabeba mashine nne zilizokuwa zimewekwa hapo zikisubiri gari. Kamera ya geti ilikuwa nyeusi dakika ishirini nzima. Tajiri akawaambia polisi, "Mzee amechomoa waya. Nani mwingine alikuwa kibandani?"

Nikaitwa kukagua. Nilifungua kumbukumbu za swichi kwenye laptop. Kila jioni, tangu siku niliyoifunga, tundu la nane lilikuwa linakatika kwa kukosa nguvu, kisha linarudi lenyewe baada ya muda, saa ambayo hakuna aliyekuwa akitazama skrini. Hakuna mkono wa mtu uliogusa waya. Mjomba alikuwa amekaa chini kati ya polisi wawili, amevuliwa viatu.

Tajiri akaniuliza, "Sema madamu, kamera yako ilikuwa na ubovu?"

"Kamera ni nzima," nikajibu. Na kweli kamera ilikuwa nzima. Nilijificha nyuma ya neno hilo.

"Basi waya umechomolewa."

"Inawezekana, bwana."

Mjomba aliniangalia. Nadhani aliamini kwamba nimesema nilichokiona.

Alikaa rumande gereza la Luzira miezi saba. Wiki ileile aliyokamatwa nilibadilisha swichi, nikaweka yenye nguvu mara mbili, nikamwambia tajiri ni maboresho. Akafurahi, akanipeleka kwa rafiki zake wawili, nikapata kazi kwao pia.

Kesi ilifutwa kwa kukosa ushahidi, lakini mjomba alirudi amekonda na kifua kibovu. Msikitini watu walimsalimia harakaharaka wakapita. Siku moja aliniuliza kwa upole, "Binti yangu, ule waya unaweza kulegea wenyewe? Maana mimi sikuugusa." Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikamwambia, "Pumzika, mjomba, yameisha." Hakumaliza miezi minne, tukamzika.

Wiki iliyopita mke wake, ambaye namwita mama, aliniita chumbani kwake. Alikuwa anakunja nguo za marehemu ili azigawe.

"Mwanangu, watu wanasema mume wangu amekufa na siri yake. Wewe unaielewa mitambo hiyo. Alichomoa? Nambie tu, nijue namna ya kumwombea."

Nikasema, "Sijui, mama."

Akakunja shati jingine. "Basi nitamwombea msamaha. Huenda alikosea."

Tangu siku hiyo nimeacha kula vizuri. Zile kumbukumbu nilizipiga picha, bado ziko kwenye simu yangu. Nikizitoa, jina la mjomba litasafika, lakini nitampoteza mama huyu, na tajiri hataniacha salama. Nikinyamaza, kila baada ya swala ataendelea kumwomba Mungu amsamehe mumewe kosa ambalo ni langu.

Nyinyi mnaosoma hapa, wengine mna umri wa kunizaa. Nisaidieni mawazo. Namwendea vipi mama huyu, na sentensi ya kwanza namwambia ipi?