Kwenu Mnauitaje?

Toos Verkuijlen ameendesha mashua kwenye mifereji ya chini ya mji wetu kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akinyamaza, ila siku alipozikwa mumewe. Nasema haya kwa upendo. Mimi ndiye ninayekaa kwenye kidirisha cha tiketi juu ya ngazi, kwa hiyo namsikia akianza, na dakika hamsini baadaye namsikia akirudi, bado anaongea.

Anajitolea tu, kama sisi wote wa chama cha mashua hizi. Mfereji unapita chini ya vyumba vya watu, na kuta zimekaribiana kiasi kwamba mara nyingine Toos huisogeza mashua kwa kusukuma matofali kwa kiganja, huku uso amewageuzia abiria. Jina la mji hulieleza kwa namna yake.

"Mtawala wa Brabant alikuwa na msitu wa kuwindia. Akaufyeka, akajenga mji, kisha akauita Msitu wa Mtawala. Wakubwa ndivyo walivyo. Miti wanachukua wao, jina wanakuachia wewe."

Hapo ndipo humgeukia mgeni mmoja mmoja. "Kwenu mnauitaje?" Mfaransa husema Bois-le-Duc, msitu uleule kwa lugha yake. Mjerumani husema Herzogenbusch. Asiye na jina la kwao hapewi nafasi ya kupumua mpaka apatiwe moja.

Mwaka huu chama kilinunua vifaa vya masikioni, maelezo yote yamerekodiwa kwa lugha nane. Mwenyekiti wetu, Lambert Smulders, akatangaza kwamba Toos atapimwa kwa safari moja. Akifuata maandishi, atabaki na mashua yake. Akiyaacha, usukani atapewa mwingine, naye atakuja kukaa nami kwenye tiketi. Nilimhurumia Toos, na nikajihurumia mwenyewe zaidi.

"Utaanza kwa jina kamili, 's-Hertogenbosch," Lambert alimwambia siku yenyewe, akimpa karatasi.

"Hilo ni jina la barua za kodi. Hapa ni Den Bosch, Msitu basi."

"Toos, nakuomba."

"Bwana mwenyekiti, wewe ni mtu wa mitungi. Utanifundisha mji niliozaliwa?"

Lambert kwao ni Tilburg, robo saa tu kwa treni, ambako zamani watu walikusanya mikojo kwenye mitungi ili viwanda visafishie sufu. Ameishi kwetu miaka thelathini na minane na bado mitungi hajasamehewa. Alicheka, lakini masikio yalimwiva. Nikafunga kidirisha nikapanda nao. Sikutaka kuja kusimuliwa.

Toos alisoma sentensi mbili kwa sauti ya mtoto anayenyweshwa dawa. Tulipofika kwenye daraja la kwanza, karatasi ilikuwa mfukoni.

"Inamisheni vichwa. Na hivyo vidude vitoeni masikioni, mtanisikia vizuri zaidi."

Wakavitoa wote. Lambert akaandika kitu kwenye daftari.

Mbele alikaa mama mmoja wa Burgos, Remedios, pamoja na binti yake aliyeolewa hapa, ambaye ndiye aliyekuwa anatafsiri. Mama alipoulizwa, alisema Hispania hawana jina la mji huu.

"Mnalo," Toos alisema. "Mlitutawala, mkatuita Bolduque. Unafanya kazi gani, mama?"

"Nilikuwa karani wa mahakama."

"Mafaili mlikuwa mnafunga na nini?"

"Na ule utepe mwekundu. Balduque." Remedios akamtazama binti yake.

"Utepe huo jina lake limetoka hapa. Umekaa ukaranini miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Basi umetutaja miaka thelathini na mmoja hata kutujua hutujui. Karibu."

Remedios alicheka hadi akajifuta macho. Lambert aliandika tena. Toos akamgeukia yeye.

"Na wewe, Lambert. Kwenu mnauitaje?"

"Mimi naishi hapa."

"Sikukuuliza unaishi wapi."

Tulikuwa tumeingia chini ya nyumba, mahali penye giza. Lambert alifunga daftari.

"Mama yangu hakuwahi kuutaja mji huu kwa jina," alisema. "Alikasirika nilipohama. Akitaka kuja kunitembelea, aliwaambia majirani, kesho nakwenda kwa Lambert. Mvua ikinyesha aliwaambia, imetokea kwa Lambert. Mtaa mzima ukaanza kuuita mji hivyo."

"Yupo bado?"

"Alifariki mwaka juzi. Siku hizi hakuna anayeuita hivyo."

Toos aliwapa abiria mgongo, akatazama mbele. Alisukuma ukuta kwa kiganja, mashua ikaenda, na mimi nikaona uchungu kwa ajili ya mtu niliyemcheka kwa mitungi yao miaka yote hiyo.

Taarifa ya Lambert ilikuwa ya mistari miwili. Vifaa vipewe wageni watakaoviomba. Verkuijlen abaki kwenye usukani.

Jumamosi iliyofuata nilimsikia Toos akianza pale ngazini, mashua imejaa watu.

"Wafaransa wanauita Bois-le-Duc. Wahispania, Bolduque. Na Tilburg wanauita Kwa Lambert."

Lambert alikuwa ameinama anafungua kamba ya mashua. Fundo lilikuwa jepesi, lakini alikawia nalo sana, wala Toos hakumharakisha.