Itazoea Tu

Wewe unayecheka, cheka sasa umalize. Hiki si kisa cha kulaza watoto. Kilinipata mimi, mchana, Kawangware, kwa gereji yangu ya mabati, nikiwa na akili timamu na mikono imejaa grisi. Na kama unatafuta cha kukutisha kidogo halafu ulale vizuri, enda kwa mwingine, maana mimi bado nina hasira.

Kwanza mjue kosa. Mwezi wa kwanza, dereva mmoja wa teksi anaitwa Ouma, mcheshi wa Kianda huko Kibera, aliniletea gari yake. Alitaka ingurume na ikimbie. Nikamwekea lile chujio la hewa la wazi, nikamchomelea ekzosi pana, lile bomba la moshi. Alipoiwasha akapiga makofi. "Fundi, hii sasa imefufuka!"

Baada ya siku tatu akarudi. Taa ya injini ilikuwa imewaka kwa dashibodi. Sasa nisikilize, si ngumu. Gari za siku hizi zina kompyuta. Kompyuta hupima hewa inayoingia, inamwaga petroli ya kutosha hewa hiyo, halafu kuna sensa kwa ekzosi inanusa moshi na kuripoti: imezidi, au imepungua. Ukibadilisha njia ya hewa na njia ya moshi, hesabu inaharibika, na kompyuta inajifunza upya polepole mpaka inazoea. Lakini ina mpaka wake. Ikishindwa kuzoea, inawasha taa. Ni kama inakwambia, angalia hapa chini, kuna kitu.

Niliangalia? Wapi! Chini kulikuwa na matope, na mimi siku hiyo nilikuwa nimevaa suruali safi.

"Itazoea tu," nikamwambia. Nikachukua spana ya namba kumi, nikatoa waya wa betri, tukanywa chai, nikaurudisha. Kompyuta ikasahau yote na taa ikazima. Mafundi wengi hufanya hivyo, na hiyo ndiyo inaniudhi zaidi.

Akarudi mara ya pili. "Na siku hizi kichwa inaniuma nikiendesha," akasema. Nikamwambia anunue miwani. Spana, betri, chai. Mara ya tatu nilikuwa nimechoka naye, nikafungua dashibodi nikang'oa balbu yenyewe. "Haya, haitakusumbua tena." Akanishukuru. Unasikia? Akanishukuru!

Sikumwona tena mpaka mwezi wa saba, ile baridi ya kuingia kwa mifupa. Ilikuwa kama saa nane, mvua inapiga mabati hadi husikii redio. Nikainua macho, Ouma amesimama mlangoni. Hana gari. Midomo yake ilikuwa myekundu, na alinuka moshi wa petroli ambayo haijaungua vizuri. Sweta yake ilikuwa kavu. Niamini, hilo nililiona, na nikalipita.

"Niaje, fundi."

"Poa. Gari iko wapi?"

"Rudisha taa."

"Taa gani tena?"

"Ile uling'oa. Mama Bella ndiye anaendesha, na haioni."

Damu ikanipanda. Mara tatu mtu amenililia nizime taa, leo anataka iwake? "Ouma, umekuja kunichezea?"

"Si ulisema itazoea?" akasema, bila hasira yoyote. "Mimi sikuzoea. Na watoto wako nyuma. Wamelala, na hii si saa ya kulala."

Akatoka kwa mvua. Mimi si mtu wa kuachwa hivyo, kwa hivyo nikachukua simu nimpigie nimtukane vizuri. Ikashikwa na mwanamke, mke wake.

"Mama Bella, mwambie bwanako aache kunipotezea muda."

"Wewe ni nani? Ouma tulimzika mwezi wa nne."

Nikakaa kwa tairi. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema yuko ndani ya gari, hapo Ayany, Kibera, injini inawaka ili wapate joto, anangoja mvua ipungue. Na watoto? "Wamelala hapo nyuma. Si wamechoka na shule."

"Zima injini! Fungua milango yote, watoe nje!"

"Kwa hii mvua? Umelewa?"

"Watoe, mama, nakuomba, watoe!"

Nikasikia mlango. Nikasikia akiita Bella, na Bella akaitika. Akaita yule mdogo. Akaita tena. Halafu simu ikakatika.

Boda boda ilinifikisha wakati jirani ameshamkimbiza mtoto kliniki. Walimwekea oksijeni, na jioni akafungua macho, Mungu ni mkubwa. Lakini kabla ya jioni mimi nililala chini ya gari hiyo, kwa matope, na nikalipata. Tundu kwa weldi yangu, pale nilipochomelea ekzosi, dogo kama punje ya ndengu, mbele tu ya sensa. Hewa ya nje ilikuwa inaingia hapo, sensa inadhani petroli haitoshi, kompyuta inaongeza na kuongeza. Na sumu ya moshi huo ilikuwa inatokea hapo hapo na kupanda ndani ya gari.

Ouma alikutwa amekufa kwa kiti chake, akingoja abiria. Watu walisema amerogwa na ndugu yake. Ndugu huyo hakuruhusiwa hata kutupa udongo kaburini. Mama Bella aliponisikiliza hakupiga kelele. Alisema, "Utaenda umwambie shemeji yangu, wewe mwenyewe." Nilienda. Akaniuliza, "Kwa hivyo miezi hii yote nimeitwa mchawi?"

Mpaka leo, mvua ikinyesha mchana, gereji yangu inanuka ule moshi, na hakuna gari imewashwa. Mteja akija na "fundi, nizimie hii taa," namfukuza, na namfukuza kwa matusi. Na wewe, ukiambiwa itazoea, mwambie huyo fundi alale chini aangalie. Akikataa, ondoka na funguo zako.

Mimi ni Mkamba, na watu wa plot ninayopanga hunitania kila siku, eti Wakamba wote ni wachawi. Zamani nilikuwa nacheka nao. Sasa nanyamaza, maana mchawi alikuwepo kweli, na alitumia spana ya namba kumi.