Alinifundisha kituo cha kushukia ili nisifike kwake

Assalaam alaykum nyote. Admin, nifichie jina, maana Maskati ni ndogo na sisi tuliotoka Unguja tunajuana mpaka paka wetu. Mimi ni bibi wa miaka sabini na saba, nakaa Al Amerat, mama wa watoto wanne, na hivi sasa nimo ndani ya eda ya mume wangu. Anayeniandikia haya ni jirani. Wajukuu zangu wangeniandikia vizuri zaidi, lakini hili sitaki walisikie.

Nilitoka Unguja baada ya mapinduzi ya sitini na nne. Haukupita muda nikaolewa, nikapelekwa London, ambako mume wangu alikuwa karani. Kiingereza sikujua hata neno. Nilisoma chuo cha Kurani tu, herufi zangu ni za Kiarabu. Na mji ule ukitaka kwenda popote unashuka chini ya ardhi kupanda treni, na majina ya vituo yamebandikwa ukutani kwa herufi ambazo kwangu zilikuwa michoro tu. Halafu kuna ngazi zinazojiendesha zenyewe. Zilinitia hofu kubwa. Nikimwomba mume wangu anishike mkono, hunikemea: "Ondoa mkono, bibi. Watu wanatutazama, si adabu." Basi nikawa nakaa ndani nalia.

Aliyenitoa ndani ni mwanamke mmoja, nimwite Zuwena. Tulikua naye mlango kwa mlango Unguja, na London alikuwa akisomea uuguzi. Siku moja akaniuliza, "Shoga, tasbihi unayo? Basi usilie. Treni ikisimama, vuta punje moja. Ukifika ya tisa, shuka, panda juu, duka la nyama ya halali hilo mbele yako." Kisha akanishika bega. "Lakini wallahi usipitilize. Kituo kinachofuata kina walevi watupu, watakuvua buibui."

Nilimshukuru mpaka nikampikia biriani. Nikawa naenda na kurudi peke yangu, tasbihi mkononi, mtu akiniona angedhani naleta uradi, kumbe nahesabu vituo. Nilijiona bingwa wa London nzima. Nyama nanunua mwenyewe, bizari nanunua mwenyewe, na mume wangu ananisifu.

Sasa siku hiyo kumbe kituo kimoja cha njiani kimefungwa kwa matengenezo. Treni ikakipita bila kusimama, na mimi nilifundishwa kuvuta punje ikisimama tu. Nilipovuta ya tisa nikashuka, na nilikuwa nimeshapitiliza. Mlevi hata mmoja sikumwona. Nilichoona ni mume wangu anateremka kwenye zile ngazi, na Zuwena ubavuni pake, wanacheka. Amemshika mkono.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kituo kile ndicho cha kwake. Yule hakunifundisha njia, alinipimia mwisho wangu. Mume wa mtu unamchukua, sawa, dunia imeona mengi. Lakini kumkalisha mwenzio kitako, umfundishe kwa tasbihi yake mwenyewe mahali pa kusimama ili asikufikie? Hilo liliniuma kuliko ile ndoa. Maana ilikuwa ndoa kweli. Nyumbani mume wangu alinambia kwa kinywa chake, "Nimemuoa, ni halali yangu." Nililia siku nyingi. Mwisho akaapa kwa msahafu kwamba amemuacha, nami nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Mwaka wa sabini, Oman ilipofungua milango kwa watu wake, tukaja huku. Maskati ya wakati huo barabara ya lami ilikuwa ya kutafuta, na watu wakilalamika mimi nacheka moyoni. Hakuna treni, hakuna ngazi, hakuna Zuwena. Nikazaa, nikalea, nikazeeka. Gari la mume wangu tu ndilo lilikuwa na maradhi yasiyokwisha. Kila Jumatatu analipeleka gereji Wadi Kabir. Nikimwambia anunue jingine, ananambia hili amelizoea.

Wiki iliyopita, mume wangu hajamaliza hata miezi miwili kaburini, ameingia mkongojo mkononi bibi mmoja kunipa pole. Zuwena. Alinikumbatia, na mwilini mwake hapana udi, hapana asumini, hapana kitu. Kwetu mwanamke asiyenukia kabisa ama mgonjwa ama yumo edani. Nikamtazama usoni. Akasema, "Hakuniacha hata siku moja, shoga. Nnakaa Darsait, hapa hapa Maskati, miaka yote hii. Akija kwangu kila Jumatatu. Nami nimo edani, nimetoka kwa dharura hii tu."

Akaendelea, analia: "Mashahidi wa ndoa yetu wameshakufa wote. Majirani wananiona hawara wa mzee mwenye gari. Aliyesikia kwa kinywa chake kuwa mimi ni mkewe umebaki wewe tu. Nnakuomba uwaambie watoto wako mbele za watu. Sitaki kufa na jina la hawara."

Ndugu zangu, tangu siku hiyo silali. Nikinyamaza, nakuwa nimeificha kweli ninayoijua, na mimi mwenyewe nimo edani, naogopa kukutana na Mola wangu hivyo. Nikisema, wanangu watajua baba yao aliapa uongo kwa msahafu, na mji mzima utajua kwamba nilikuwa mke mwenza tangu usichana wangu mpaka uzee huu bila ya kujua.

Amesema siku nitakayokubali atakuja hapa, na anataka nimshike mkono niingie naye kwenye baraza walipo wanangu, maana anaogopa kuingia peke yake. Mimi, ambaye yule mwanamume hakunishika mkono hata kwenye ngazi za London.

Nishaurini wanangu, nimshike?