Waya wa Maboke ya Rachida

Katika kibaraza cha duka la Katungu, mjini Kisangani, mahali pa Rachida hapaulizwi: unafuata harufu tu. Tangu mumewe afariki anauza hapo maboke, samaki waliofungwa kwa majani ya mangongo na kuokwa juu ya mbabula, jiko la makaa. Ni mwanamke mkaidi. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana mimi ni mteja wake wa kila siku na nimeshagombezwa vya kutosha. Ukigusa hata liboke moja kabla hajakupa, utarudi kazini na njaa yako.

Maboke yake aliyafunga kwa waya mwembamba. Mama yake alitumia kamba za kekele, mmea wa msituni, lakini kamba hushika moto, na Rachida hana subira na kamba. Waya ulimfaa miaka mingi bila neno.

Kisha Katungu, Mnande wa Butembo asiyekubali kupitwa na kitu kipya, akanunua mikrowevu. Akawatangazia wateja wa mchana kwamba liboke lililopoa litapashwa moto dukani kwake bure. Siku hiyo umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwa na adabu, haukukatika. Rachida, kwa fahari, akaliingiza liboke la kwanza yeye mwenyewe, na waya wake.

Ta-ta-ta! Cheche za buluu zikaruka mle ndani, moshi ukatoka, nami nikawa wa kwanza kukimbia. Katungu akachomoa plagi, akauacha mlango wa mashine umefungwa mpaka moto ukazimika.

"Yaya, umeniulia machine!" akapiga kelele. Yaya ni dada mkubwa; ndivyo alivyozoea kumwita.

Ilikuwa hasira ya ghafla tu, lakini ilisemwa mbele za watu. Rachida alijitwika meza yake, akaenda zake.

Kesho yake kibaraza kilikuwa kitupu. Nilikula mkate mkavu, na siwezi kudanganya, nilihuzunika. Sote tulijua Rachida anaogopa nini: kwamba amepoteza mahali pake, na pamoja napo Katungu, mdogo wake aliyempata ukubwani.

Jioni Katungu akaniomba nimsindikize kwa Rachida. Alihitaji shahidi, alisema. Mkononi alishika ile sahani ya kioo inayozunguka ndani ya mashine, ameifunga kwa kitenge.

"Ona, Yaya. Haina hata ufa. Machine iko muzima, nimejaribu na kikombe ya maji. Fundi ameniambia, ni ile waya njo ilileta moto, haiko weye."

"Mbona juu ya makala ya mbabula haikuleta?" Rachida akauliza, bado amenuna.

Katungu akaeleza vile alivyoelewa. Makaa huchoma kuanzia nje. Mashine hii haina moto. Inatuma mawimbi yanayopenya jani na kuyatikisa maji yaliyo ndani ya samaki, mpaka maji yenyewe yanapata joto. Chuma hakipenyeki. Mawimbi hukigonga na kurudi, na kwenye ncha za waya umeme huruka. Jani halina shida, wala kioo, wala sahani ya udongo, mradi isiwe na ukingo wa dhahabu.

"Donc jani yangu haina kosa?"

"Hata kidogo."

Rachida akauliza kekele inauzwa wapi siku hizi.

Siku chache baadaye akaja, bila meza. Alishika liboke moja tu, limeshapoa, limefungwa kwa kamba aliyoilowesha majini isiungue juu ya makaa. Mashine ikikataa tena, alisema, hataki kubeba meza na aibu kwa pamoja.

Katungu akatoboa jani kidogo ili mvuke upate njia, akaliweka liboke juu ya sahani ya kioo, akafunga mlango. Rachida akasema bismillahi, Katungu akafanya ishara ya msalaba, mimi nikasogea karibu na barabara. Mashine ikanguruma taratibu. Hakuna cheche. Ilipolia, Katungu akasubiri kidogo joto lienee, akalifungua liboke huku ameuweka uso mbali. Mvuke ukapanda na harufu ya pilipili. Akala yeye kwanza, mbele ya wateja wote, akalamba vidole.

"Ndani iko moto, Yaya!"

Rachida alicheka huku machozi yakimtoka. Katungu akakitazama kibaraza kitupu, akashika kiuno.

"Alors, meza iko wapi? Batu iko na njala."